Kambini Hakuna Makaburi

Kambini, nje kidogo ya mji wa Singida,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Ipokee shikamoo hii kwanza, uiitikie, halafu ndipo uendelee kusoma, maana sijui ukifika mwisho wa barua kama utakuwa bado na moyo wa kuniitikia. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Lazaro ilifika, au aliisahau kwenye gari kama kawaida yake? Mama naye nimesikia jicho la kushoto limeanza kumletea ukungu. Asichelewe, mumpeleke Itigi mapema. Na mizinga ile ya ng'ambo ya mto imepata nyuki? Tembo je, mwaka huu wamewaachia hata mabua, au wamekula shamba lote wakawaachia nyayo tu?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nikisema wazima kabisa nitakuwa nakudanganya, na katika barua hii nimejiapiza nisikudanganye hata mara moja, kwa sababu nimekwisha kukudanganya vya kutosha.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba, wewe na mimi tunaijua simu ya Rungwa. Unapanda hadi kule kwenye mwinuko, unaishikilia simu juu kama mtu anayetungua matunda, halafu unapiga kelele, na kila aliyeko chini anazisikia habari zako kabla yako. Haya ninayokuandikia si ya kusikiwa na watu wa chini. Barua nampa Lazaro na gari lake la asali, akukabidhi mkononi. Tafadhali usimpe mwalimu akusomee. Soma mwenyewe polepole, au akusomee Mama mkiwa wawili tu.

Naogopa, Baba. Nasema wazi kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtu akiingiwa na hofu porini aseme, ili wenzake wajue wasikimbie ovyo. Mimi nimechelewa kusema. Naogopa juu ya nyumba yangu, na naogopa juu ya jambo la mjukuu wako Petro, ambalo hulijui lilivyo. Nitalifikia. Nivumilie nianze na nyumba.

Nyumba yangu imepigwa alama ya X. Rangi nyekundu, kwenye ule mlango niliokutumia picha yake, iliyokufanya ucheke ukasema nimejenga nyumba kwa bati la lami. Nyumba zote za Kambini upande wetu wa barabara zimepigwa alama hiyo. Wapimaji wanasema barabara itapanuliwa, na hapa tulipo patakuwa maegesho ya malori. Nyumba zetu hazifiki sitini. Malori yatakayolala hapa yatakuwa mengi kuliko sisi.

Walikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Sasa wewe hujafika kwangu hata siku moja, kwa hiyo nikueleze Kambini palivyo. Hapa ni mahali pa kurudi. Kabla hakujapambazuka baiskeli zinaanza kutoka moja moja, zinashika lami kuelekea mjini, kilometa kumi na moja. Waashi, wapishi, wauza mchicha, watumishi wa majumbani, mafundi cherehani kama mimi. Walinzi wanaotoka lindoni wanapishana nasi njiani, tunasalimiana bila kushuka. Ikifika saa mbili Kambini imebaki na kuku, mbuzi wa Bibi Salome, na Bibi Salome mwenyewe. Watoto wako shule, ambayo nayo iko ng'ambo ya kilima. Jioni ndipo moshi unapoanza kutoka kwenye majiko, na hapo ukipita utasema, kumbe hapa pana watu.

Wapimaji hawakupita jioni. Walikuta kufuli kila mlango. Walibisha, hakuna aliyeitikia. Bibi Salome alikuwa kisimani. Wakaandika kwenye karatasi zao kwamba hizi ni nyumba za kulala tu, mchana hazina mtu. Hawakusema uongo, ndiyo ubaya wake.

Tangu siku hiyo hakuna amani. Tumeanza kwenda kazini kwa zamu, kila nyumba ibaki na mtu. Bibi Salome ametoa amri kwamba moto usizimwe mchana, hata kama hakuna cha kupika, ili moshi uonekane barabarani. Wanawake wanafua nguo safi upya wanazianika. Nimeona shati langu la kanisani limeanikwa mara nne kwa wiki moja, nami sijalivaa. Ungecheka, Baba. Sisi tunacheka pia, lakini gari jeupe likipunguza mwendo pale kwenye kona kicheko kinakatika, na mtu mzima unajikuta umesimama mlangoni umeshika fremu kwa mikono miwili, kana kwamba utaizuia. Mtoto wa jirani yangu, aliyekwisha kuacha, ameanza tena kukojoa kitandani. Neema, mkwe wako, aliacha kwenda sokoni na nyanya zake. Akawa anashinda nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, kutwa nzima. Sababu yake ndiyo hiyo nitakayoifikia.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Ramadhani, ni Mnyaturu mwenye maneno machache. Alituita Jumapili iliyofuata akasema kulia hakutoshi, tuandike historia ya Kambini, ionekane kwamba tulikuwapo na tunajulikana. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa ni katibu wa chama chetu cha kuzikana na mwandiko wangu unasomeka. Nikanunua daftari. Nikaanza na Bibi Salome, kwa sababu ndiye wa kwanza.

Bibi Salome ni Mnyiramba wa Kinampanda. Anasema alikuja na sufuria mbili wakati barabara inajengwa, kuwapikia uji na ugali vibarua wa kambi. Kampuni ya ujenzi ilikuwa imechimba kisima, imejenga mabanda, na imemwaga jamvi kubwa la zege penye ofisi ya mainjinia. Lami ilipokwisha, kampuni iling'oa mabanda ikaondoka. Kisima hakikung'oleka, na jamvi halikung'oleka. Yeye na mumewe wakasema wabaki mpaka msimu wa mavuno, wauze sufuria, warudi kwao. Wakaokota mapipa matupu ya lami, wakayapasua, wakayanyoosha kwa nyundo, wakapata milango na mapaa. Ndiyo asili ya milango yetu, Baba. Ukisogeza pua siku ya jua kali, hata wangu bado unanuka lami. Mzee mmoja wa hapa, mwenye mashamba, akawaambia wakae tu, maana ardhi hiyo mashine zilikuwa zimeishindilia, hailimiki. Baadaye wakaja wengine waliopata kazi mjini wakashindwa kodi za mjini. Kwenye jamvi tunasali, tunafanya mikutano, na siku za harusi tunacheza.

Niliandika kurasa kumi na mbili. Nilipozisoma niliingiwa na baridi. Kila niliyemhoji alianza na neno lile lile: nilikuja kwa muda. Fundi bomba alikuja kwa muda. Mama muuza vitumbua alikuja kwa muda, na ana wajukuu hapa. Nilitafuta mtu mmoja tu aliyekuja kukaa, nikamkosa.

Na kitu pekee tulichokijenga kwa pamoja ni kile chama. Nilikuandikia habari zake zamani, ukafurahi, ukasema hao ni watu. Mtu akifa Kambini, kabla jua halijazama gari limepatikana, jeneza limepakiwa, anapelekwa kwao. Mume wa Bibi Salome tulimfikisha Kinampanda. Fundi rangi mmoja tulimsafirisha mpaka Kigoma, na waliomsindikiza wakarudi na miguu imevimba. Hatujawahi kumwacha mtu ugenini, ndivyo tulivyokuwa tukijisifu. Nami nilijisifu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nalishika neno lako. Unakumbuka nilipokuomba baraka za kujenga? Ulisema, "Nyumba jenga, mwanangu, mtu halali kwenye mvua. Lakini kaburi usichimbe huko. Kwenu ni hapa."

Basi wapimaji wakarudi, safari hii Jumamosi jioni, wakatukuta wote. Tulifurahi. Tuliwaletea viti. Alikuwapo binti mmoja mpole mwenye fomu, alinipa shikamoo ingawa umri wa kuistahili sijaufikia, nikaitikia marahaba kwa aibu. Alipita nyumba kwa nyumba, na swali lake la tatu lilikuwa, "Kwenu ni wapi?"

Baba, wewe ungemjibu nini? Mtu akikuuliza kwenu, unamjibu kwenu. Bibi Salome alijipangusa mikono akasema, "Kwetu Kinampanda, mjukuu wangu. Hapa nipo nipo tu." Mzee Ramadhani akasema kwao ni Ilongero. Mume wa jirani akasema Shelui, tena akamwelekeza binti nyumba ya baba yake ilipo toka kituo cha mabasi. Nami nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Kwetu ni Rungwa, kwa warina asali." Nikaongeza na tabasamu. Binti akaandika.

Wiki mbili baadaye Mzee Ramadhani aliletewa nakala. Tulikaa kwenye jamvi akatusomea. Nyumba moja baada ya nyingine, kwenye nafasi ya makazi ya kudumu: Kinampanda. Ilongero. Shelui. Rungwa. Hakuna hata nyumba moja iliyoandikwa Kambini. Mwisho wa karatasi palikuwa na mstari uliosema kwamba wakazi wote wana makazi ya kudumu kwingineko, na wamethibitisha wenyewe. Mama muuza vitumbua akaanza kulia taratibu. Sisi wengine tulitazamana kama watu waliokunywa kitu kibaya kwenye chungu kimoja.

Siku iliyofuata nilimsimulia Mama Shirin, mwenye duka la vitambaa ninakoshonea barazani. Wazee wake walitoka Bara Hindi, lakini yeye kazaliwa Singida, na mama yake kazaliwa Singida. Aliacha kukunja kitambaa akanitazama juu ya miwani.

"Festo, mimi kila wiki mtu ananiuliza kwenu wapi. Nikisema Singida wanacheka. Wanasema hapana Mama, kwenu kwenyewe. Nawaambia nendeni makaburini kwetu mkasome majina. Babu yangu yuko pale, mama yangu yuko pale. Hapo wananyamaza." Akarudi kukunja. "Nyinyi hamjawahi kuulizwa na mtu asiyewaamini, ndiyo maana mmejibu ovyo. Sasa niambie, huko kwenu Kambini mna kaburi?"

Nilikanyaga cherehani vibaya, uzi ukakatika. Nilijua wapimaji nao wangelifikia swali hilo, na kuanzia hapo hofu yangu ikawa si ya nyumba tena.

Walilifikia Alhamisi iliyopita. Mkutano ulikuwa pale pale jamvini, saa nane mchana, hakuna aliyekwenda mjini. Alikuja mkuu wao, mtu mzima mwenye miwani, si mtu mbaya. Mzee Ramadhani alisimama akasema tumeandikwa vibaya. Mkuu akamjibu kwa upole, "Mwenyekiti, sisi tuliuliza kwenu wapi. Mkajibu wenyewe."

"Tulijibu kwetu kwa asili. Hamkutuuliza tunaishi wapi."

"Sawa. Basi nionyesheni kitu. Msikiti, kanisa lililosajiliwa, shule, makaburi. Hata kaburi moja. Mtu hazikwi mahali pa kupita. Pakiwa na kaburi nitaandika makazi, na mstari wa maegesho naweza kuuombea uhamie upande wa pili wa barabara, kule ni pori tupu."

Watu wakainamisha vichwa. Baba, watu wote wale, kwa miaka yote ile, wamezaa, wameoa, wamekufa, na hakuna wa kuonyesha kidole chini. Tuliwasafirisha wote. Mzee Ramadhani akanigeukia mimi katibu, kana kwamba kwenye daftari langu kuna jina nililolisahau. Na Bibi Salome, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa jamvi, naye akanitazama.

Sasa nalifikia, Baba. Kaa vizuri.

Petro hakuzikwa makaburi ya mjini kama nilivyokuambia. Mvua zile za mwaka juzi, homa ilipomchukua, chama kilipata gari siku hiyo hiyo, tukaanza safari ya kumleta kwako: mimi, Neema, na Bibi Salome aliyekubali kutusindikiza. Tulipita Itigi vizuri. Kabla ya Mitundu tukakuta mbuga imejaa maji, na lori limelala katikati ya njia. Tukangoja hadi usiku, tukangoja na kesho yake. Dereva akasema mbele hapapiti hata trekta. Joto lilikuwa kali, Baba, na mwili wa mtoto hausubiri. Tukageuza. Tulifika Kambini saa tatu asubuhi, saa ambayo hapa hakuna mtu. Dereva alitushusha akaenda zake mjini. Mimi nilitaka nitafute bodaboda, niende makaburi ya mjini niombe nafasi. Neema akazunguka nyuma ya nyumba na mtoto mikononi, akakaa chini kwenye udongo karibu na jiko, akasema, "Hapa."

Nilimwambia neno lako. Nilimwambia kwamba Baba amekataza. Hakunyanyuka. Nikachukua jembe. Bibi Salome alisali, mimi nikafukia. Jioni watu waliporudi kutoka mjini, tuliwaambia tumefika Rungwa na kurudi, njia ilikuwa nzuri. Wakatupa pole wakashukuru Mungu kwamba mtoto yuko kwao. Ningewaambia nini? Mimi ndiye katibu, mimi ndiye ninayewahimiza wengine wawafikishe marehemu wao kwao. Wewe nikakuambia mjini, wao nikawaambia Rungwa. Juu yake tulipanda alizeti kuzunguka, mtu akipita anadhani ni bustani ya Neema.

Mtoto mwenye jina lako, Baba. Nimemlaza kwa siri kama mtu aliyemwiba. Najuta siri. Mahali alipo sijawahi kupajutia, na hilo nalo naona nikuambie, kwa kuwa niliapa.

Basi pale jamvini nilisimama. Nikasema, "Kaburi liko. La mwanangu. Kwetu ni hapa." Hata sauti sikuitambua. Tukaongozana mpaka nyuma ya nyumba, umati wote. Neema alikuwa kwenye kigoda akichambua mboga. Alipoona miwani na kamba za kupimia aliangusha ungo akasimama mbele ya alizeti. Hakupiga kelele. Nilimshika mkono nikamwambia wanataka kuona tu. Yule binti alivua viatu kabla ya kusogea, namshukuru kwa hilo. Alipima. Kaburi lile ni fupi, Baba, halichukui kamba. Wakachomeka kijiti chenye namba.

Mzee Ramadhani alinigeukia. "Katibu," akasema, "sisi tulijua yuko Rungwa." Nikasema nisamehe, Mzee. Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Siku mbili hakunisalimia. Lakini wengine wamefanya jambo linalonitisha zaidi ya hasira yake. Wanawake wanakuja kufagia pale. Waashi wameleta kokoto, wanataka wajenge juu yake kitu kikubwa kionekane kutoka barabarani. Mama muuza vitumbua anamwita mzee wetu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Baba, aliyekuwa bado anaangukaanguka akitembea, amekuwa mzee wa kwanza wa Kambini, na nyumba zote hizi zimemlalia yeye kifuani. Nashindwa kuwafukuza, nashindwa kuwashukuru.

Na sasa ombi. Siku ile mkuu wa wapimaji alinivuta pembeni. Alisema fomu yangu ina mgongano: mimi nimeandikisha kwetu Rungwa, kaburi linasema vingine. Hawezi kuamua kwa neno langu. Anataka tamko la mkubwa wa ukoo, aandike kwa mkono wake kama marehemu amelazwa hapa moja kwa moja, au amehifadhiwa tu mpaka apelekwe kwao. Ikiwa ni wa muda, watatusaidia kumhamisha, na Kambini itaendelea kuhesabiwa kambi. Mkubwa wa ukoo ni wewe. Karatasi ndiyo hiyo iliyokunjwa ndani ya bahasha. Wapimaji wanarudi Jumatatu ya wiki ijayo, na Lazaro anageuza kutoka kwako Ijumaa.

Baba, sikuombi kwa ajili ya nyumba. Nyumba nitajenga nyingine, mapipa yapo. Wala sikwambii uwahurumie watu wa Kambini, hujawahi kuwaona. Naogopa tingatinga, na naogopa wewe, na kwa kweli sijui ninaloliogopa zaidi. Tingatinga haliniulizi. Wewe ukiandika Rungwa, sitabishana nawe. Nitashika jembe lile lile, nitamfukua mwenyewe kwa mikono yangu, nitamleta, maana sijawahi kukukatalia jambo ukiwa umelisema mara mbili. Lakini naomba usiliseme mara ya pili. Naomba umwache alipo.

Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, usiikasirikie karatasi.

Nisalimie Mama sana, mwambie naomba asilie kwa jicho lile linalouma. Shangazi Marta, aliyemkata Petro nywele za kwanza, msalimie, na umweleze kwa maneno yako, mimi sina. Kaka Yohana mwambie asipande gari kuja huku kabla hujaamua. Namjua kaka yangu alivyo mwepesi wa kushika jembe kwa ajili ya heshima ya ukoo, na kwa Neema asingeweza kupita bila vita. Mjomba Daudi wa mizingani, na mkewe, na dada Ester wa kule shuleni, wote wapokee salamu zangu. Bibi Salome anakusalimu kama mtu mnayejuana. Anasema siku ile alimwombea mtoto kwa jina lako kwa sababu hakujua jina la ukoo.

Neema naye anakusalimu, shikamoo Baba. Anajua nakuandikia, na anadhani nakuandikia kukuomba msamaha tu. Habari ya karatasi hakuisikia. Anaamini lile neno alilolisema siku ile, ameketi kwenye udongo, ndilo limekwisha kuandikwa, na leo kwa mara ya kwanza tangu wapimaji waje amekwenda sokoni. Nimeogopa kumwambia.

Mimi mwanao,
Festo, Baba Petro.